Folda Niliyoiacha Wazi

Chumba cha nyuma,
Duka letu la uchapaji.
Alhamisi, saa nane mchana.

Mpendwa mdogo wangu Kidevu,

Hujambo wewe? Wifi na watoto hawajambo? Kile kikohozi kimekuacha, au bado unakibembeleza badala ya kwenda kwa daktari? Sisi huku tunapumua. Nimeinuka mara nne tangu nianze kuandika, kwa hiyo nivumilie barua ikienda mrama.

Wiki hii duka halina utulivu. Unajua programu ya kupanga kurasa ilikuwa kwenye kompyuta yangu tu, na kila mwenye kazi alikuwa anakuja kunisimamia kichwani. Jumatatu nikajitia ufundi. Nikaunganisha kompyuta zote tatu kwa waya, nikaifungua programu hata wa mapokezi aitumie, kisha nikafungua folda ya kazi za wateja ili wote wasome na kusahihisha. Fundi mitambo akaniuliza, "Dada, una hakika?" Nikamwambia akasafishe rola zake.

Kumbe sikufungua folda ya wateja. Nilifungua folda yangu nzima, na ndani yake imo barua yako, ile ninayoiandika na kuiacha tangu mwezi uliopita.

Sasa nikwambie, maana moyo haukai. Mama haoni vizuri. Jicho la kushoto limeingia ukungu, na Jumanne ijayo anafanyiwa upasuaji. Aliniapisha nisikwambie, eti utaacha kazi ukimbilie huku. Nikaandika hivyo hivyo, ila ujasiri wa kutuma sikuupata.

Jana asubuhi nilitaka kuimalizia. Kompyuta ikanigomea: faili linatumiwa na mtu mwingine. Nikamtazama fundi, yuko kwenye mtambo wake. Nikachungulia mapokezi, nikamkuta Mama, pua karibu iguse kioo, herufi amezikuza zikawa kama vidole gumba. Unamjua, hakuna karatasi inayotoka dukani hapa kabla hajaipitia kwa rangi nyekundu.

Nikasubiri anichambue kama karanga. Wala hakugeuka.

"Hebu kaa chini, unanitia kizunguzungu," alisema, akaendelea kuchapa kwa kidole kimoja.

Nakutumia barua ile jinsi alivyoiacha. Mahali nilipoandika "jicho la kushoto" amekata, akaweka "yote mawili". Hilo hata mimi sikulijua. Nimelia, sikufichi.

Mstari wa mwisho niliandika, "Mama hataki uje." Neno "hataki" amelikata kwa mstari. Pembeni yake, kwa rangi nyekundu, ameandika "anataka".

Msalimie wifi, na watoto waambie shangazi yao anawakumbuka. Mama mdogo anakusalimu, na fundi mitambo pia, ingawa bado amenuna. Mungu akufikishe salama kabla ya Jumanne.

Ni mimi dada yako nikupendaye, ambaye hatatulia mpaka akuone mlangoni.