Mshono Ulionyooka

Mama Mwende,

Ni mimi Kalondu, yule uliyempa mashine ya pili kwenye kibanda chako hapa sokoni Machakos. Mwaka wa pili huu tangu tukuzike kwenu Mwala, na ndiyo kwanza nakuandikia. Usidhani ni ujasiri. Ni aibu imenizidi.

Juzi alikuja yule mwenyekiti wa klabu ya mashua. Bado wanakwenda Ziwa Turkana kila Agosti, siku tano majini, wakilipa ili upepo uwapige. Ulikuwa ukicheka hadi unashika mbavu: "Hawa watu wa Nairobi wako na shida!" Lakini tanga lao ulilishona kwa uangalifu kama nguo ya mtoto mchanga.

Anataka nimshonee tanga jipya. Akasema, "Wewe kazi yako iko sawa. Yule mama macho ilikuwa imeisha." Nami nikajibu, "Ndiyo." Mama Mwende, nilisema ndiyo!

Nilikuja kwako kutoka kiwanda cha nguo cha EPZ nimejaa majivuno, miaka tisa ya kushona kola, nani aniambie kitu? Ulinionyesha kwamba tanga hushonwa zigizaga, sindano ikienda huku na huku, ili upepo ukilivuta, uzi uwe na nafasi ya kunyooka. Mimi niliona ni kazi ya polepole, tena haipendezi. Wiki ile ulipokwenda kumzika shemeji yako, nikalishona tanga zima kwa mshono ulionyooka, safi kama wa shati, nikalikunja kabla hujarudi.

Siku ya pili ziwani likapasuka toka juu hadi chini. Mashua ikasukumwa kwenye mawe, na watu watatu wakashinda hapo juani mpaka walipokuja kuchukuliwa. Mwenyekiti alilirudisha akalitupa mezani, soko zima likisikia. "Mama, ungetuulia watu!" Ulipitisha kidole kwenye mshono, ukanitazama mara moja, ukamwambia, "Ni kazi yangu. Unisamehe." Mimi niliinamia mashine nikajifanya uzi umekatika.

Hukuniuliza kitu. Saa kumi ulinimiminia chai kama kawaida, na nikainywa.

Soko likasema macho yako yameisha, na habari zikamfikia binti yako Mwende. Akaja kukuchukua. "Mama, macho imechoka, kuja nyumbani upumzike." Nilikusaidia kufunga mizigo, Mungu wangu, hata kamba nilizikaza mimi. Baadaye Mwende aliniambia kwamba kule Mwala ulikuwa ukishinda ukibandua viraka vizima na kuvishona upya, ili tu mikono iwe na kazi. Mwaka haukuisha, ukatuacha. Kwenye mazishi niliombwa niseme machache, nikasifu chai yako.

Jana nilimpigia mwenyekiti nikamweleza yote. Akasema atatafuta fundi mwingine. Sawa. Huyo alikuwa rahisi. Lakini Mwende bado anaamini alikutoa kwenye mashine yako kwa sababu ulikuwa huoni, na ndivyo anavyowasimulia wajukuu zako.

Sikuombi unisamehe, maana najua ulishanisamehe siku ile ile, na hilo ndilo linaloniumiza.

Pumzika, mwalimu wangu. Jumapili, kanisa likiisha, ninakwenda Mwala kukaa mbele ya Mwende. Akinifukuza, nitatoka. Lakini kabla sijatoka atakuwa amejua kwamba macho yako hayakuwa na kasoro yoyote.

Kalondu