Siku Tuliyogawana Nta na Shemeji

Tabora, Alhamisi. Baridi ya asubuhi imeuma kuliko jana, na upepo wa kiangazi umetia vumbi mpaka ndani ya chai. Hata hivyo nimeamka na moyo mwepesi.

Leo mimi na Mrisho tumevunja ushirika.

Mrisho ni kaka wa mke wangu, Tatu. Tumefanya biashara ya nta hapa Gongoni tangu nilipomwoa dada yake. Warina asali wanakuja na mabonge ya nta kutoka misitu ya kusini, sisi tunayanunua na kuyapakia kwenye gari moshi yaende pwani. Lakini tangu masika yalipokwisha, wanunuzi wa pwani wanasema Ulaya haitaki nta. Bei imeanguka mpaka wafanyabiashara wenzetu hawaitazami nta tena, na yetu imelala ghalani.

Mrisho alitaka tuuze yote kwa bei yoyote ile, tuhamie kwenye mchele wa Lusu. Mimi nilitaka tununue zaidi.

Si kwamba mmoja wetu ni mjinga. Tunaitazama mali kwa macho tofauti, na wiki hizi nimelifikiria jambo hilo sana. Kwa Mrisho, mali ni kitu kinachopita mkononi. Unanunua mwanzo wa wiki, unauza kabla haijaisha, unapata faida ndogo, unarudia. Mali iliyolala, anasema, imekufa. Kinga yake ni mwendo: akikosea leo, atasahihisha baada ya siku chache.

Mimi naona bei ni kitu kimoja na thamani ni kitu kingine. Bei ni maneno ya watu siku ile, wakiwa na hofu au wakiwa na tamaa. Thamani imo ndani ya kitu chenyewe. Nta haiozi, wala haiingiwi na fukusi kama mchele. Makanisa yatawasha mishumaa mwakani kama yalivyowasha mwaka jana. Kwa hiyo wote wanapoikimbia, mimi ndipo ninapoisogelea.

Udhaifu wa njia yangu naujua. Siwezi kusema watu watarudi lini. Na mtu akinunua kwa pesa ya unga, njaa itamlazimisha auze kabla wakati wake haujafika.

Aliyenisaidia hapo ni Mzee Petro, mkulima wa Lusu, Mkatoliki mwenye maneno machache, ambaye hutuletea mchele wa kula. Mwezi uliopita nilimwuliza kwa nini watu wanasema ana ng'ombe wengi na zizi lake ni dogo.

"Nimewaweka kwa watu," akaniambia. "Wengine kwa wakwe zangu, wengine kwa rafiki ng'ambo ya mto. Wao wanakunywa maziwa, mimi nabaki na ng'ombe. Sotoka ilipoingia kijijini kwetu haikuwakuta wote."

Nilirudi nyumbani nikiyatafuna maneno yale. Mzee Petro hajidai kujua ugonjwa utaingilia wapi. Amejipanga tu ili popote utakapoingilia, usimmalize. Basi nikaamua: nitabaki na nta, lakini si kwa kila nilicho nacho. Akiba yangu nyingine nimejengea vyumba viwili vya kupangisha kule Chemchem. Nta ikichelewa, kodi ya vyumba itanunua unga.

Asubuhi hii Mrisho alikuja tugawane.

"Shemeji, wewe baki na nta, mimi nichukue fedha," alisema. "Lakini utajuta."

"Huenda," nilimjibu. "Na wewe huenda ukajuta."

Tatu alikuwa amesimama mlangoni akitusikiliza, kanga ameifunga kiunoni. "Gawaneni nta, gawaneni na fedha," akasema. "Mimi msinigawe. Kaka, kesho baada ya swala unakula hapa kama kawaida."

Mrisho akacheka, na mimi nikacheka. Nilikuwa nimekihofia kikao hicho kuliko kuanguka kwa bei.

Adhuhuri nilikuwa peke yangu dukani alipoingia Mzee Kasanda, mrina asali tuliyezoeana naye siku nyingi. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba huku akitua mzigo. Nikamwambia ninanunua. Hakufurahi kama nilivyotarajia. Alinitazama.

"Huko nilikopita wote wamenifukuza," akasema. "Wewe wanunua. Unajua nini tusichokijua sisi?"

Ningeweza kumdanganya. Ghala ni langu sasa, na bei hii sitaiona tena.

"Sijui zaidi yako, mzee wangu. Mimi naweza kusubiri, basi. Wewe serikali inakudai kodi ya kichwa."

Aliweka mkono juu ya bonge la nta. Kisha akauliza, "Kodi yenyewe itataka kiasi gani cha hii?"

Nikampimia. Akaniuzia nta ya kutosha kodi, chumvi na kitenge cha mkewe. Iliyobaki akaanza kuirudisha guniani.

"Hii nitaisubirisha mwenyewe," alisema. "Darini kwangu kuna nafasi."

Nilimsaidia kufunga gunia, nikamtwika, akashika njia ya kusini.

Nimeketi sasa barazani, jua linaelekea kuzama, na nimejaribu kuyatafuta majuto. Nta ile ningeipata kwa bei ya kutupwa. Lakini faida niliyokuwa naiita akili yangu, nusu yake ilikuwa haraka ya Mzee Kasanda ya kulipa kodi. Ni vizuri nimeliona hilo leo, mapema.

Bado naamini nta itapanda. Kesho nitafungua duka na kununua, na kila mrina asali atakayeniuliza nitamjibu vilevile, hata kama ghala litajaa polepole.