Nazi ya Kwanza

Timbwani, Likoni

Kaka Kadenge, shikamoo.

Huku mvua imeanza, na kuku wa Mama ameangua vifaranga saba. Barua yako nimeisoma mara mbili, pale unaposema wako wataalamu chuoni kwenu wanaodhani sheria za maumbile hazikuwekwa tangu mwanzo, bali ni mazoea ya vitu yaliyokomaa. Nilicheka peke yangu. Si ndiyo maneno ya Baba akishuka mnazini na kibuyu chake cha tembo? "Nazi ya kwanza haikujua iende wapi. Ilianguka chini, ya pili ikaiga, basi ikawa desturi." Nawe ukimbishia mpaka ugali unapoa.

Unakumbuka alivyokuwa akiita "Napandaaa!" kabla ya kuukwea mnazi, ili wanawake wanaooga kwenye bafu zisizo na paa wajisitiri? Bado anaita, kila saa kumi jioni. Ila sasa anaitia kitandani. Alianguka mwezi wa tatu, kaka, na miguu haimbebi tena. Alinikataza kukwambia. Hakuna anayepanda, lakini akiita tu, Mama Musyoka wa jirani bado anajifunika leso.

Jana nilimsomea barua yako. Akauliza, "Amesema anakuja lini?" Nikamjibu hukusema.

"Krismasi ya kwanza alipokosa kuja, niliona ajabu," akasema. "Hii iliyopita ni ya tisa, wala sikushangaa."

Njoo, kaka, kabla hatujazoea.

Ni mimi mdogo wako,
Jumwa