Kaburi la Bibi Kisiwani Lanyara

Makassar, 9 Februari 2010

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mwili wangu mzima, pua ndiyo mgonjwa, na utaelewa ukiendelea kusoma. Kifua chako kinasemaje na mvua hizi? Bado unapasua kuni mwenyewe? Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa mwenye duka, maana haya si ya kusikilizwa na watu waliokuja kununua sabuni.

Uliniagiza nikueleze mji wako ulivyo sasa. Mama, mji umenenepa na hauogi. Asubuhi nawapokea wageni wa Mjomba Haji Lallo, nawazungusha kwenye ngome ya Waholanzi, nawalisha supu ya nyama, jioni nawapeleka ufukwe wa Losari wakale ndizi za kubanikwa. Jua linazama vizuri kama ulivyokuwa ukisimulia. Lakini maji chini ya ukuta ni meusi, yanatoa povu, na juzi panya aliyevimba alikuwa anaelea wakati mama mmoja wa kutoka Surabaya anapiga picha. Akaniuliza, "Dada, yule samaki gani?" Nikamwambia wa kienyeji. Wenzake wakacheka. Mimi nilikuwa nameza mate nisitapike.

Kisiwa cha Pasi Caddi, anachokikodi Mjomba, ndicho safi. Mchanga unachanwa kama nywele za bibi harusi. Ila kila alasiri vibarua wanazoa nepi za watoto, sahani za plastiki zenye mchuzi na matumbo ya samaki, wanajaza magunia na kuyapakia kwenye boti ya mwisho. Nilimuuliza nahodha, Daeng Nyampa, yanapelekwa wapi.

"Kwa watu wasiolalamika," akasema.

"Baharini?"

"We dada maswali yako kama ya askari wa bandari. Panda, wageni wako wanaungua."

Na Mjomba mwenyewe, tangu arudi Makka, anajipaka marashi mpaka boti nzima inaumwa kichwa. Mbele ya wageni anahubiri usafi. Wakishapanda gari anatoa nyama kwenye meno kwa kucha ya kidole kidogo, anaifuta kwenye kitambaa cha meza. Nikiketi naye chakula hakipiti.

Nisalimie majirani wote.

Binti yako,
Rannu

*

Selayar, 2 Machi 2010

Mwanangu Rannu,

Marahaba. Barua imefika na meli ya jana, nikaisoma nikiwa nimesimama. Mimi sijambo, kifua kimetulia, kuni napasuliwa na mtoto wa Daeng Ngugi. Je, unakula? Unalala vizuri?

Sasa nisikilize. Huyo unayemwandika kama unaandika habari za kunguru ni ndugu yangu wa pekee. Baba yetu alipozama, Lallo aliacha shule akaenda kubeba magunia bandarini Paotere ili mimi na Mama tule. Mabega yake yalikuwa yanatoka damu, na usiku Mama anamkanda kwa maji ya chumvi huku wote wawili wanalia. Wewe hukuwepo. Kama leo anachokonoa meno, mwache achokonoe.

Mji kunuka si ajabu. Hata enzi zangu Losari ilikuwa inanuka, tulikuwa tunaziba pua na kuendelea na ndizi zetu. Umelelewa peke yako, ndiyo maana unachagua vya kuona.

Nina ombi moja. Miaka imepita sijazuru kaburi la Mama kule Lanyara. Hapo ulipo ni mwendo mfupi tu kwa boti. Nenda kwa niaba yangu, mmwagie maji, mtandazie majani ya mkadi yaliyokatwakatwa kama alivyopenda, umwambie Tene anakusalimu na kifua ndicho kilichomzuia. Uniandikie jinsi alivyo. Msalimie mjomba wako, na umbusu mkono.

Mama yako,
Daeng Tene

*

Makassar, 28 Machi 2010

Mama,

Shikamoo. Naomba ukae chini kwanza. Kama kifua kinakubana leo, iweke barua hii mpaka kesho.

Nimekwenda Lanyara. Nilipanda ile boti ya mwisho ya magunia, kwa sababu Daeng Nyampa alisema inapita huko. Haikupita, Mama. Ilikuwa inakwenda huko huko. Hawakutia nanga gatini kwenye nyumba za watu, walizunguka nyuma ya kisiwa, upande wa makaburi. Vibarua wakaanza kuyarusha magunia kama wanaorusha mchele ghalani.

Sikujua kama nakanyaga makaburi mpaka nilipojikwaa kwenye nguzo ya kaburi la mtu. Takataka zinafika magotini. Nzi ni wengi hadi wanaingia mdomoni ukisema. Kuna maji ya rangi ya chai yanayochuruzika kutoka kwenye lundo, na funza wanaelea humo. Mjane mmoja wa pale, Daeng Bollo, ndiye aliyenionyesha Bibi. Alifukua kwa mikono. Nguzo ya Bibi ilikuwa imevikwa nepi iliyojaa, na hakuna aliyeiweka makusudi, ndivyo yanavyodondoka tu. Nilitapika, Mama. Nilitapika juu ya kaburi la Bibi, maana hapakuwa na pengine pa kutapika.

"Mbona hamsemi?" nikamuuliza Daeng Bollo.

"Tuseme kwa nani? Barafu ya kisiwa kizima inaletwa na mjomba wako. Imamu alisema mara moja, barafu ikakata, samaki wetu wote wakaoza. Sasa tunaswalia upande wa mbele."

Nikarudi moja kwa moja hadi nyumbani kwa Mjomba. Nilimkuta mezani anakula kaa. Nikamwambia yote. Aliendelea kunyonya gando la kaa, akaniambia, "Wewe umeletwa hapa kuonyesha watu bahari, hukuletwa kunusa majalala. Mbona unanuka hivyo? Nenda kaoge, unanitia kinyaa."

Yeye ndiye aliyetiwa kinyaa, Mama, tena na mimi.

Siwezi tena kula chumvi yake. Naondoka kesho na meli ya Balikpapan, kuna mwenzangu anapika kwenye kambi ya wafanyakazi, ameniitia kazi. Majani ya mkadi niliyatandaza, lakini upepo uliyachanganya na mengine.

Binti yako,
Rannu

*

Selayar, 17 Aprili 2010

Rannu,

Natumaini umefika salama na afya ni njema.

Mjomba wako amepiga simu dukani, watu wote wakasikia ndugu yangu analia. Amesema ulimtukana mezani mbele ya mkewe na umemzushia jambo ambalo ulimi wake haukuweza hata kulitaja. Amesema makaburi ya Lanyara amejengea ukuta mweupe kwa fedha yake. Nimemuuliza mara mbili, amenijibu kwa kiapo.

Nimuamini nani? Yule aliyenibeba mgongoni, au mtoto aliyechoka na kazi baada ya miezi michache akatafuta sababu ya kuondoka? Hata kama ulikuwa na hasira, Bibi yako usingemtia katika maneno ya nepi na funza. Nimeshindwa kula tangu niisome barua yako.

Mwombe radhi mjomba wako. Usiniandikie kabla hujafanya hivyo.

Mama yako,
Daeng Tene

*

Balikpapan, 11 Septemba 2010

Mama,

Shikamoo, na Idi njema. Najua ulinikataza kuandika. Mimi ni mzima, napika wali wa watu mia na jikoni ni safi. Kifua chako je? Nimeuliza kwa kila mtu wa Selayar anayepita hapa.

Radhi nakuomba wewe, kwa kukulisha maneno yale. Yeye sitamwomba.

Binti yako,
Rannu

*

Selayar, 20 Januari 2011

Mwanangu, kipenzi changu Rannu,

Marahaba, marahaba. Pokea salamu za mama yako ambaye hajui aanzie wapi. Kifua ni kibovu, ila si cha kuniua. Wewe je? Mikono yako haijaungua na majungu hayo?

Nimefika Makassar mwenyewe. Mjomba wako alikuwa anamwoza bintiye, akanitumia nauli, nikaenda na sanduku moja na majani ya mkadi yaliyofungwa kwenye kitambaa kibichi. Alinipokea bandarini kwa kilio, nami nikalia. Nikamwambia, "Lallo, kesho nipeleke kwa Mama."

"Kesho mawimbi, dada. Pumzika kwanza, uone mji wako."

Basi akanitembeza. Nikaona ngome. Nikaona Losari, nikala ndizi, na panya wako nilimwona, au ndugu yake. Siku iliyofuata nikauliza tena, akasema leo Ijumaa. Akanipeleka Pasi Caddi, akanikalisha chini ya mwavuli kama bibi wa Kizungu, watu wakaninywesha dafu. Nikauliza, akasema nahodha anaumwa. Nahodha huyo nilikuwa namwona pale, anacheza karata. Nilimtazama ndugu yangu usoni, akaangalia chupa yake ya marashi.

Asubuhi ya pili yake, wakati nyumba nzima inahangaika na maturubai ya harusi, nilijitanda khanga, nikaenda Paotere kwa miguu, nikapanda boti ya abiria pamoja na kuku na mitungi ya gesi. Lanyara nilishuka gatini. Kabla sijauliza njia, harufu ilinionyesha.

Ukuta mweupe upo, Rannu. Hilo hakuapa uongo. Ameujenga upande unaoonekana kutoka baharini, ili boti za wageni zikipita waone ukuta. Nyuma yake ndiko yanakomwagwa.

Ulichoandika ni kidogo. Hukuandika mbwa. Hukuandika kwamba unapoinama mvuke wa moto unakupiga machoni. Nilizoa kwa mikono yangu, Daeng Bollo akinisaidia, na kila nikitoa tabaka moja, chini yake kuna jingine lililolowa zaidi, mpaka nguo zangu zikawa hazifai hata kuchomwa. Nilimwita Mama kwa sauti. Imamu alikuja akasimama mbali, amejiziba pua kwa kilemba, akasema, "Nisamehe, mama." Nikamwambia sina nafasi ya kusamehe, anipe ruhusa ya kumhamisha. Akaniruhusu. Amesema maiti aliyevunjiwa heshima namna ile, kumwondoa ni haki yake.

Nilirudi kwa Lallo jinsi nilivyokuwa. Wageni wa harusi walinipisha njia kama wanavyopisha gari la taka. Mkewe akapiga ukunga kwa sababu ya zulia. Lallo akanivutia chumbani.

"Dada, umeniaibisha."

"Mama yuko chini ya mavi ya watoto wa watu, Lallo."

Nilingoja aanguke, alie, aseme hakujua. Ningemwamini, mwanangu, nakuambia kweli, hata pale ningemwamini. Akasema, "Wafu hawanusi, dada. Walio hai ndio wanaolipa kuona mchanga safi. Ningeyapeleka wapi?"

Alisema kwa upole, kama mtu anayemweleza mtoto. Na marashi yake yakaniingia puani, nikagundua kwamba harufu ya Lanyara nilikuwa nimeivumilia kutwa nzima, lakini hii siiwezi. Nilitapikia mkeka wake wa kuswalia. Sikukusudia.

Tulimfukua Mama siku ya tatu, mimi, imamu, Daeng Bollo na mwanawe. Tulimkuta mdogo sana. Nilimfunga katika sanda mpya na majani ya mkadi. Tulipofika Paotere kupanda meli, Lallo alikuwa amesimama gatini, amevaa kanzu na kofia nyeupe, macho mekundu. Alinyoosha mikono. "Nipe nimbebe, Tene. Mimi ndiye mwanawe wa kiume."

Mikono ile ile iliyobeba magunia ili nile. Niliitazama. Nikamwambia, "Usimguse." Watu wote wa bandarini walisikia. Nilimbeba mwenyewe hadi ndani ya meli, na kifua hakikunibana hata kidogo.

Nisamehe kwa barua ile ya Aprili. Niandikie.

Mama yako,
Daeng Tene

*

Balikpapan, 6 Februari 2011

Mama yangu,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma stoo, kwenye magunia ya vitunguu, ili wenzangu wasinione. Hakuna cha kusamehe.

Mjomba amenipigia. Anataka kujua Bibi amezikwa wapi hapo Selayar, anasema ataleta jiwe la marumaru. Anasema takataka amezihamishia kwingine. Nilimuuliza kwingine wapi, akakata simu. Nimwambie nini akipiga tena? Mwezi wa saba nitapewa likizo, nitakuja moja kwa moja.

Binti yako,
Rannu

*

Selayar, 14 Machi 2011

Mwanangu Rannu,

Marahaba. Mimi sijambo, naendelea vizuri, mvua zimekatika. Nimefurahi kusikia habari ya likizo.

Usihangaike kumjibu. Amekuja. Alishuka melini Jumatatu na jiwe lake limefungwa kwenye magunia, vijana wawili wakilibeba. Mimi kaburi la Mama sikuliwekea nguzo wala jina, ni mchanga tu kama mengine ya masikini, na nilikuwa nimeshazungumza na kila nyumba. Aliuliza kwa mwenye duka, akaambiwa hajui. Aliuliza msikitini, wakamkaribisha chai. Aliuliza watoto, wakakimbia.

Alizunguka makaburini tangu asubuhi, anainama hapa, anainama pale, jua limemchoma. Anapaona kwangu, lakini hakubisha hodi. Nilimwangalia kutoka dirishani. Mara mbili alipita juu ya Mama bila kujua. Roho iliniuma, kwa kuwa kwa nyuma anatembea kama baba yetu. Kisha upepo ukageuka, ukaniletea marashi yake, nikafunga dirisha.

Jioni aliondoka. Jiwe ameliacha gatini, watu wanaparulia samaki juu yake.

Wewe ukija nitakuonyesha alipo.

Mama yako,
Daeng Tene