Kifungasiku

Kitale,
Jumapili, baada ya kanisa.

Baba yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Mimi ni mzima, ila koo limekwaruzika kwa kulipigia kelele darasa la Kidato cha Tatu. Je, wewe na Mama mnaendeleaje? Goti lako limepoa? Na mdogo wangu Kizito bado anadai kuku wote ni wake? Mwambie yule mwekundu ni wangu, na ninamkumbuka vizuri.

Utashangaa kwa nini nimeandika na simu iko. Baba, wewe ukipokea simu unaiweka spika, na kabla sijamaliza kukuamkia, Senge Phelista, huyo dada yako, ameshanijibu kutoka upande wa pili wa ua. Haya ya leo nataka uyapate wewe kwanza. Ndiyo maana nimempa Agneta barua hii mkononi, kwa kuwa anakuja huko nyumbani Myanga kumwona mamake.

Wiki iliyopita niliwapa wanafunzi kazi. Nilitaka waulize nyumbani kile kinywaji cha mwisho kabla ya kulala kinaitwaje, na jina hilo lina maana gani. Nilikuwa nimepekua kamusi yangu nikitafuta neno moja la kinywaji hicho, nikalikosa, na unanijua, nikikosa kitu silali. Basi wakaleta majina! Lorraine alisema kwao ni uji mwepesi wa wimbi, na wanauita kibembelezo. Kajal akasema kwao ni maziwa ya moto yenye manjano, na nyanyake Savitri huyaita blanketi ya ndani. Wekoye alisimama kama mbunge, akatangaza kwamba babu yake hunywa pombe ya busaa na kuiita dawa ya mgongo. Wenzake wakamuuliza mbona mgongo huo huuma zaidi siku za harusi. Kibe, anayekaa nyuma kabisa, akasema ati kwao ni "ya kuzima data."

Nilipowauliza kama maneno hayo yote ni visawe, darasa likawaka moto. Lorraine alishikilia kwamba uji na busaa haviwezi kuwa visawe hata kidogo, ati kimoja kinakulaza na kingine kinakuangusha.

Kisha wakataka la kwetu. Nikawaambia kuhusu kifungasiku chako, maziwa unayoyachemsha na tangawizi tangu enzi zako za kiwanda cha karatasi kule Webuye, wakati Mama alipokuwa akienda zamu ya usiku hospitalini Lugulu na wewe ukabaki na sisi na sufuria. Kajal akauliza kama mgeni naye hupewa. Nikajibu bila kufikiri kwamba mgeni kwetu hupewa chai, hata na mandazi, halafu anasindikizwa. Kifungasiku ni cha yule ambaye viatu vyake vitalala ndani. Nilipokwisha kusema hivyo, nilibaki nimesimama na chaki mkononi, kwa sababu nilimkumbuka Kiptum.

Unamjua, Baba. Ni yule mwalimu wa kilimo aliyenileta na pikapu yake mwezi wa nane, nilipokuja kuchukua kitanda. Mvua ilinyesha, Mama akakukonyeza, nawe ukajifanya huoni. Ulimpa chai, ukamwambia kwamba barabara ya Kitale ni nzuri kabla ya giza, na kwamba umesikia breki zake zikilia. Ukamshikia mwavuli mwenyewe hadi langoni. Aliniambia baadaye kwamba hajawahi kufukuzwa kwa heshima namna ile.

Mwezi uliopita nilienda kwao, huko mlimani juu ya Endebess, pamoja na dada yake Linah. Tulipokaribia kulala, mama yao alileta mursik, yale maziwa ya kibuyu, akanimiminia kikombe. Nilikunywa chote nikakifudikiza kikombe, kama ulivyotufundisha, maana kwetu kuacha tone ni kumwambia mpishi kwamba utalala vibaya. Kumbe katika nyumba ile kikombe kitupu kinalia njaa! Mama yao alikiinua akajaza. Nikamaliza. Akajaza tena. Mimi namwogopa yeye, yeye ananihurumia mimi, na Kiptum amejifunika uso kwa kofia akicheka. Nililala chali kama pipa la mvua. Asubuhi nilimsikia akimweleza jirani kwamba mwanawe ameleta msichana asiyeringa. Nikamuuliza wao kinywaji hicho cha kulalia wanakiitaje. Akasema hawakiiti, wanakimimina tu.

Baba, Kiptum ameniomba tuoane, na mimi nimekubali. Sijamwambia Mama, ingawa jinsi alivyokukonyeza siku ile nadhani alijua kabla yangu. Shule zikifungwa, Kiptum atakuja Jumamosi na wajomba zake wawili. Wanatoka mbali na maneno yao ni marefu, kwa hivyo jioni itawakuta hapo. Najua una wasiwasi wako kuhusu watu wa mlimani, na siwezi kuuondoa kwa barua. Lakini nimejiuliza kwa ukweli wote kama nitaweza kufurahi ukimsindikiza tena na ule mwavuli. Sitaweza.

Sikuombi jibu refu. Sufuria ya kifungasiku ni ile ndogo, inatutosha sisi wanne tu. Mpe Agneta neno moja aniletee: mtatumia hiyo hiyo, au nije na kubwa?

Msalimie sana Mama, na Senge, ambaye najua kufikia sasa amekwishasoma begani mwako. Mungu awalinde nyote hapo nyumbani.

Ni mimi binti yako akupendaye,
Pauline.

Nilisahau: breki ametengeneza.