Ufagio wa Linh na Cheti cha Mwanangu

Alhamisi, mwanzo wa Mei. Joto limeshaanza ubabe wake. Saa nane mchana usukani wa gari ulikuwa haushikiki, nikaendesha kwa ncha za vidole kutoka skuli mpaka nyumbani Wattaya. Mwanangu Rahma alikaa pembeni yangu, cheti chake mapajani, anaimba. Njia nzima hakuniuliza nina nini.

Leo nimepiga makofi nikijua ninachokipigia ni uongo.

Acha niandike tangu mwanzo, maana hili nikilibakisha moyoni litaniozea. Mimi ni mwalimu wa jiografia katika skuli ya wasichana hapa Muscat. Mwezi uliopita niliwapeleka wanafunzi kumi na wawili Vietnam, siku kumi, tukawa wageni wa skuli moja katika mji mdogo wa huko. Rahma, kitinda mimba wangu, miaka kumi na mitano, alikuwa mmoja wao. Safari ile niliihangaikia mwaka mzima: barua, ruhusa za wazazi, chakula cha halali, mpaka nani alale na nani. Nilitaka watoto wetu wakaione dunia. Sikukumbuka kuwa dunia nayo ina macho.

Kule kengele ya mwisho ikilia hakuna anayekimbilia nyumbani. Viti vinapandishwa juu ya meza, madirisha yanafunguliwa, na watoto wenyewe wanafagia darasa, wanafuta ubao, wanamwaga taka. Ukutani kuna karatasi yenye majina ya wenye zamu. Siku tuliyofika tulikuta majina ya wasichana wetu yameshaandikwa mle kwa mkono, kila jina na ua dogo la rangi pembeni. Mwalimu wao akanieleza kwamba mgeni hawampi zamu. Ukipewa zamu, basi wewe ni mwenyeji. Nilikaribia kulia kwa furaha. Zamu ya Rahma iliangukia siku ya tatu, nikacheka peke yangu, maana na sisi wazee wetu husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

Alipangwa na Linh, msichana waliyekaa naye dawati moja, mwembamba, mcheshi, aliyemfundisha Rahma kuhesabu mpaka kumi kwa lugha yao. Linh akautoa ufagio wa nyasi kwenye kona, akampa mwenzake kwa mikono miwili na kuinamisha kichwa kidogo. Kule hata kalamu wanakupa hivyo. Rahma akaupokea kwa mkono mmoja. Kisha, jicho liko kwenye simu, bila ya kugeuka, akaunyoosha nyuma nilikosimama mimi.

"Shika, Mama."

Hakusema kwa ubaya. Lau angesema kwa ubaya ningemkanya pale pale. Alisema kwa wepesi, kama mtu anayevua viatu mlangoni.

Darasa zima likatugeukia. Nikaupokea ule ufagio, na hapo ndipo nilipofanya upumbavu wangu. Badala ya kumrudishia, nikasema mbele ya wote kwamba mwanangu ana mzio wa vumbi. Rahma hana mzio wa kitu chochote ila kazi! Linh akanitazama, akamtazama Rahma, akauchukua ufagio mkononi mwangu kwa mikono miwili vile vile, akafagia zamu yake na zamu ya mwenzake.

Kesho yake alikuja na barakoa. Ameitoa kwao, imefungwa vizuri kwenye karatasi, rafiki yake asidhurike na vumbi.

Nilitamani ardhi inimeze. Rahma yeye akaivaa, akamwomba mwenzake ampige picha, akashika ufagio, akageuka kulia, akageuka kushoto. Picha zilipokwisha akauegemeza ukutani na kwenda zake. Hakufagia hata kipande cha karatasi. Nami sikumwambia kitu, kwa sababu uongo wa mzio ulikuwa wangu, na ningemkemea vipi bila ya kujifichua?

Tuliporudi niliapa mambo yatabadilika. Asubuhi ya kwanza nikamwamsha, nikampa ufagio, nikamwambia kuanzia leo chumba chake atakifagia mwenyewe.

"Mama, wallahi nimechoka. Si Neema yupo? Khalas."

"Neema hakuajiriwa kuwa mikono yako. Hebu inuka, mwanangu, nnakusubiri hapa hapa."

Akainuka na mdomo wake mrefu, akaanza kufagia kwa kelele ili nyumba nzima ijue anaonewa. Neema, dada yetu wa kazi, katoka Muheza na huu ni mwaka wake wa sita kwetu. Akapita ukumbini, akamwona Rahma na ufagio. Baadaye akanifuata jikoni, mikono yake imelowa.

"Mama, nimekosea wapi?"

"Hujakosea kitu, Neema. Nnataka tu huyu mtoto ajifunze."

"Kama kuna mwingine anakuja, niambie tu mama. Wanangu wanasoma. Nisije nikashtukia napewa tiketi ya kurudi."

Nilimweleza, nikamwapia, hakuniamini. Siku tatu alifanya kazi mbio mbio, akapiga pasi mpaka mashuka yaliyokaa kabatini bila ya kutumika. Siku ya nne nikamwambia Rahma aache. Nilijiambia namhurumia Neema, na kweli nilimhurumia. Ila nilikuwa pia nimechoka kuvutana na mtoto, na ile hofu ya Neema ikanipa pa kujificha. Hilo sijamwambia mtu, hata baba yake Rahma.

Marehemu mama yangu, Unguja, alikuwa akifagia uwanja kabla ya jua kuchomoza, nasi wanawe tuko nyuma yake tunazoa majani. Nilikuwa na miaka saba tulipohamia huku, na huku nako hakukubali mtu amfagilie mpaka miguu ilipomshinda. Alikuwa akiniambia, mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Nikimwona mkali bure. Sasa tumepata, tuna nyumba ya ghorofa, na tumemleta mtu kutoka pwani ile ile tuliyotoka atushikie ufagio tulioutupa.

Basi leo. Kila msichana aliyesafiri alitakiwa aandike insha kuhusu alichojifunza. Mimi sikuwemo katika waliochagua, kwa sababu ya mwanangu, na insha yenyewe sikuionyeshwa. Ukumbi ulijaa wazazi. Likatajwa jina la Rahma, mshindi. Insha inaitwa "Ufagio Ulionifunza Unyenyekevu".

Aliisoma kwa Kiarabu fasaha, sauti imetulia, mkono kifuani. Alisema kila jioni alifagia darasa bega kwa bega na Linh, aliyemwita dada yake. Alisema vumbi lilimkaba lakini akavumilia, kwani mwenye kiburi hafiki mbali. Nyuma yake, ukutani, picha kubwa: Rahma, barakoa, ufagio.

Kuna mama alikuwa analia mstari wa mbele.

Wale kumi na mmoja wengine wanajua. Niliwaona wawili wakitazamana, kisha wakatazama chini. Walikuwa wananisubiri mimi, mwalimu wao. Na mkuu wa skuli akaniita jukwaani, akanipa kipaza sauti, mama mzazi na mwalimu, niseme neno. Nafasi ndiyo hiyo, napewa kwa mkono. Nikamtazama mwanangu namna alivyokuwa aking'aa.

"Alhamdulillahi," nikasema. "Nnajivunia." Nikapiga makofi kuliko wote.

Jumapili video iliyochukuliwa leo ukumbini inatakiwa ipelekwe kwenye ile skuli ya Vietnam. Mpelekaji ni mimi, barua zote zinapita kwangu. Watamfasiria Linh. Atasikia anavyoitwa dada, na atajua nani alifagia. Sidhani kama atasema kitu, na hilo ndilo linalonichoma zaidi.

Tulipofika nyumbani Rahma alitaka cheti kitundikwe hapo hapo, sebuleni, mkabala na mlango, kila anayeingia akione. Nikaleta nyundo, nikagonga msumari mwenyewe. Chokaa ya ukuta ikamwagika sakafuni. Rahma kashika simu, anapiga picha cheti chake. Ufagio ulikuwa karibu yangu, nikauchukua, na macho yangu yako juu, naangalia kama kimekaa sawa. Nikaunyoosha nyuma, upande wa mlango wa jikoni.

"Shika, Neema."

Neno lile lile. Mkono ule ule. Nimelisema mara ngapi ndani ya miaka sita, na mtoto yuko hapo, anaangalia?

Nikageuka. Neema alikuwa ameshaupokea ufagio, kwa mikono miwili, na kichwa amekiinamisha kidogo. Akaizoa chokaa chini ya cheti cha unyenyekevu, akasema kimependeza, akarudi jikoni. Rahma hakuinua macho.

Wapo watakaosoma hapa na kunijua. Na wanijue. Video nitaipeleka, lakini nyuma yake itakwenda barua kwa Linh, na mstari wa kwanza utasema mwanangu hana mzio wa vumbi, mimi ndiye niliyesema uongo. Rahma nitamsomea kabla sijaituma. Atanichukia, na labda sitamlaumu, maana alichokifanya amekitoa kwangu.

Kesho ni Ijumaa, siku ya mapumziko ya Neema. Jua linazama sasa hivi. Nimeutoa ufagio jikoni na kuuegemeza kwenye mlango wa chumba cha Rahma, nikasimama pale kidogo, nikiutazama. Kisha nikauchukua tena, nikaja nao chumbani kwangu; kesho nitaanza kufagia mimi.