Ile Nyekundu

Ukunda,
Jumapili, baada ya ibada.

Kwako dada Syombua,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu, kwa Jemima na kwa watoto. Natumai Kaindi, anayekuletea barua hii, atakukuta mzima hapo Machakos, na kwamba kifua cha shemeji Masila kimepoa. Sisi tu wazima, tunamshukuru Mungu, ila mimi nimechoka, dada. Si uchovu wa kazi, maana kazi yenyewe sina wiki ya tatu sasa. Mama yuko salama kule Shimba Hills. Magoti yanamsumbua lakini mdomo bado una nguvu, na juzi alinisema mbele ya wageni kwa sababu ya ndevu zangu.

Utashangaa kuletewa karatasi ilhali simu ninayo. Kwenye simu wewe huniwahi. Nikianza neno umeshalimaliza, nami nabaki kuitikia. Safari hii nakuomba unisome mpaka chini.

Habari yenyewe ni ya Korola. Uliponikabidhi gari lako nilifanyie teksi, ulinipa sharti moja tu, kwamba lisitengenezwe kokote ila gereji ya Mzee Abdulwahab. Kwa hiyo mwezi uliopita, usukani ulipoanza kulia kila nikikata kona, nililipeleka kwake, na fundi Fondo akalipokea. Alifungua kopo la mafuta ya usukani akanionyesha yalivyokuwa meusi kama kahawa ya jana. Akayafyonza kwa bomba la sindano, akainua magurudumu ya mbele kwa jeki, akachomoa mpira unaorudisha mafuta. Mimi akaniketisha nizungushe usukani kushoto na kulia huku yeye akijaza mapya, mpaka yaliyomwagika kwenye beseni yakawa mekundu safi. Mafundi pale hawayaiti mafuta ya usukani. Wanasema “ile nyekundu” tu, basi. Kufika adhuhuri nami nilikuwa nasema hivyo hivyo, nikijiona nusu fundi.

Fondo aliniagiza nirudi baada ya siku mbili, kwa sababu upepo uliobaki ndani ukitoka mafuta hushuka, naye alitaka kuyapima mwenyewe. Sikurudi. Nilikuwa na abiria wa Lunga Lunga, na tangu lini mimi nikawaacha abiria.

Yaliyofuata unayajua, au unadhani unayajua. Siku ya tatu, kwenye kona moja karibu na Msambweni, usukani ulikataa kabisa. Tuliingia shamba la watu tukaugonga mkorosho. Abiria walitoka salama, gari likapondeka uso. Nilikupigia simu. Kabla sijamaliza kueleza ukaniuliza ni nani aliyeushika usukani ule mara ya mwisho, nami nikasema Fondo. Ulikata simu ukampigia Mzee Abdulwahab. Kesho yake asubuhi Fondo aliambiwa akusanye spana zake. Sasa hakuna gereji Ukunda inayomtaka, maana kila mtu amesikia kwamba ndiye aliyetaka kuua watu. Anapakua saruji kwenye malori huko Lunga Lunga.

Dada, si Fondo.

Siku ya pili usukani ulianza kulia tena, nami niko Lunga Lunga, abiria wanalalamika. Niliingia kwenye kibanda cha vipuri nikaomba ile nyekundu. Muuzaji akaniuliza ya nini. Badala ya kumjibu nilimcheka, nikamwambia muuza vipuri asiyeijua ile nyekundu afunge duka. Akanipimia kwenye chupa ya soda, nikamimina, nikaondoka. Kumbe yapo maji ya rejeta, ya kupozea injini, ambayo nayo ni mekundu, na ndiyo aliyonipa. Niliyajua pale chini ya mkorosho, nilipochovya kidole yasiteleze. Chupa niliitupa vichakani. Ulipopokea simu yangu nilikuwa nimekwisha kuitupa.

Naona aibu hata kuandika. Nimekula wiki tatu bila kuonja chakula, na Jemima anadhani ninalililia gari.

Ijumaa nilimngoja Mzee Abdulwahab atoke msikitini, nikamweleza yote. Alinisikiliza kwa adabu yake ile, kisha akasema amenisamehe kwa upande wake, lakini mimi ni dereva tu. Aliyelalamika ni mwenye gari, na hawezi kumrudisha mtu kazini mpaka mwenye gari ayafute maneno yake kwa kinywa chake. Kwa hiyo ninakuomba, dada, kama unavyompenda Mama, mpigie. Mwambie ni mimi. Gari ukilichukua ukampa mtu mwingine, sitakuwa na neno.

Kutoka hapo nilikwenda Lunga Lunga kwa Fondo. Nilimkuta kafunikwa na vumbi la saruji mpaka kope. Nilipomaliza kueleza aliniambia alikuwa akijua. Siku gari lilipovutwa hadi gerejini alichovya kidole, akanusa, akajua kwamba kitu kile hakukitia yeye. Nikamuuliza kwa nini basi alikubali kufukuzwa bila kujitetea. Akasema mimi nilikuwa nimesimama pale pale kando yake, na alidhani nitasema.

Nisalimie shemeji na wote wa hapo nyumbani, na Kaindi mpe chai kabla hajaondoka, ametoka mbali. Mama nitamwambia mwenyewe. Mungu akulinde.

Ni mimi ndugu yako,
Kaloki